Namna ya Kuipanga Siku ya Kwanza Ughaibuni Mwili Ungali Nairobi

Anayesafiri kutoka Nairobi kwenda Johannesburg huirudisha saa yake nyuma kwa saa 1 tu, na mwili wake hautambui lolote. Anayekwenda New York huirudisha kwa saa 7 au 8 kulingana na msimu, naye anayekwenda Guangzhou, nchini China, huisogeza mbele kwa saa 5. Hawa wawili wa mwisho ndio ninaowaandikia, kwa kuwa siku yao ya kwanza ikipangwa vibaya, usingizi wao huweza kuvurugika kwa juma zima.

Ndani ya ubongo mna saa ya asili inayouambia mwili wakati wa kulala, wa kuamka na wa kuhisi njaa. Saa hiyo hurekebishwa hasa na mwanga unaoingia machoni, tena pole pole, takribani saa 1 kwa siku, ndiyo sababu hakuna kikombe cha kahawa kiwezacho kuikimbiza. Sisi tuliokulia karibu na ikweta tuna ugumu wa ziada. Jua la Nairobi huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kutua karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, mwaka nenda mwaka rudi, na hata hesabu ya saa za Kiswahili imejengwa juu ya utaratibu huo. Mjini New York, mwishoni mwa Juni jua hutua saa mbili na nusu usiku, ilhali mwezi wa Desemba hutua saa kumi na nusu jioni. Mgeni anayelingojea giza ndipo alale, kama alivyozoea nyumbani, atakosea majira yote mawili; afuate saa ya mkononi, si anga.

Maandalizi huanza kabla ya kufika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Wengi wetu hukesha siku mbili za mwisho tukifunga mizigo, tukiaga jamaa na kutafuta kitu kilichosahaulika, kisha tukapanda ndege tukiwa tayari na deni la usingizi. Ninawasihi wasafiri wafunge mizigo siku tatu kabla na waage mapema. Anayetumia dawa kwa saa maalumu, hasa insulini, amwone daktari wake kabla ya kuondoka ili wapange pamoja jinsi ya kuhamisha ratiba hiyo.

Ndege ya Kenya Airways iendayo New York bila kutua njiani, safari iliyoanzishwa Oktoba 2018, huchukua takribani saa 15. Tuseme umetua saa mbili asubuhi, majira ya kiangazi cha huko: mwili wako unahesabu saa tisa alasiri, kwa hiyo utajihisi mzima, na hapo ndipo mtego ulipo. Usikubali miadi yoyote, usiende benki wala ofisi ya chuo, na kwa hali yoyote usiendeshe gari siku hiyo. Hoteli nyingi hutoa vyumba kuanzia saa tisa alasiri, basi andika mapema kuomba chumba cha asubuhi, au angalau ruhusa ya kuacha mizigo na kunawa uso. Kula chakula cha mchana pamoja na wenyeji wako, hata kama huna hamu, kwa sababu mlo nao huufundisha mwili saa mpya.

Kipindi kigumu ni kati ya saa nane mchana na saa kumi na mbili jioni, ambapo Nairobi ni kati ya saa tatu na saa saba usiku. Safari yangu ya kwanza nilijilaza saa nane nikidhani ni kwa dakika chache, nikaamka saa tano usiku nikiwa na macho makavu, na ilinichukua siku sita kuurudisha usingizi mahali pake. Ukizidiwa, lala dakika 20 ukiwa umetega kengele, kisha toka nje. Tembea katika bustani kama Central Park, pasipo haraka wala orodha ya mambo ya kutazama, kwani mwanga wa jioni ndio unaoisukuma saa ya mwili nyuma kwa anayeelekea magharibi. Kahawa iishie mchana. Vumilia hadi saa tatu usiku.

Kwa anayekwenda Guangzhou mambo hugeuka, na mwili kwa kawaida huona taabu zaidi kuelekea mashariki. Saa mbili asubuhi ya huko ni saa tisa usiku ya Nairobi, hivyo jua kali la wakati huo laweza kuirudisha saa ya mwili nyuma badala ya kuisogeza mbele. Vaa miwani ya jua asubuhi, kisha tafuta mwanga kuanzia saa nne hivi na kuendelea.

Ukipokewa na jamaa, waeleze kabla hujafika, maana mapenzi yao huandaa karamu. Inatosha kusema, “Shangazi, nakuomba chakula cha kunikaribisha kiwe kesho, leo nilale mapema.” Mzazi mwenye busara hakatai.

Ukiwa New York, huenda ukaamka saa tisa usiku macho yakiwa wazi kabisa. Baki gizani, usiwashe simu. Nairobi wakati huo ni saa nne asubuhi, saa ambayo nyumbani hupenda kupiga kuuliza kama ulifika salama. Basi wapigie wewe mara utuapo, ambapo kwao ni alasiri, kisha uzime mlio wa simu kabla ya kulala.