Kutafuta mwalimu binafsi wa fluti (na vyombo vingine) bila kuliwa hela

Tuanze na jina maana linaharibu kazi mapema. Ukipiga simu ukasema unatafuta mwalimu wa filimbi, huyu anafikiria ya refa, yule anafikiria rekoda za plastiki za shuleni. Sema fluti, ile ndefu inayoshikwa kwa ubavu. Kama unataka ile ya tete ya kwenye taarab sema nai, maana hata upulizaji wake ni mwingine kabisa na mwalimu wa fluti anaweza asijue pa kuanzia.

Hatua ya 1: jua unataka kupiga nini. Kwaya? Taarab? Au mtoto afanye mitihani ya ABRSM, ile ya muziki ya Uingereza ya gredi 1 mpaka 8? Mtu wa sikio, anayepiga bila nota, anaweza kuwa moto balaa lakini kumfundisha mtoto kusoma nota akashindwa, na mwenye vyeti naye ukimpa wimbo ambao haujaandikwa anakutolea macho tu.

Hatua ya 2: nenda walipo wapulizaji. Watu wanahangaika Instagram wakati bendi za polisi, jeshi na magereza zimejaa watu wanaosoma nota kila siku ya kazi, na wapo wanaofundisha jioni, we wasubiri shughuli iishe ndo umfuate mtu, usimvamie kabeba ngoma begani. Unguja kuna DCMA (Dhow Countries Music Academy), chuo cha muziki, ipo tangu 2002, udi, ganuni, fidla, vyote vya taarab utavikuta, na Vuga kuna kikundi cha taarab cha Culture Musical Club. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa cha TaSUBa, Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music ya tangu 1944. Hata kama hutaki kusoma chuoni, uliza pale nani anafundisha majumbani.

Hatua ya 3: kwenye simu uliza swali moja tu, "chombo chako kikuu ni kipi?" Akijibu "vyote", shukuru ukate. Mimi wa kwanza alikuwa mtu wa kinanda, mtu mzuri sana tu, vidole ananionyesha kutoka YouTube na mdomo hajui, nikakaa miezi nane nabana midomo kama nalamba ndimu, afu kuja kuacha hiyo tabia ilinichukua muda mrefu kuliko kuijenga.

Hatua ya 4, hii ndo yenyewe: omba somo moja la kujaribu, lilipie, na ukae uangalie. Kwanza mwambie apige kitu kidogo, dakika mbili zinatosha. Afu muangalie anavyomfundisha mwanafunzi. Mwalimu wa fluti anayejua kazi siku ya kwanza hakupi fluti nzima, anachomoa kile kichwa tu na mnapuliza hicho mpaka sauti itoke, kama unavyopuliza mdomo wa chupa ya soda. Utasikia kizunguzungu, ni kawaida kwa mgeni, na yeye anatakiwa akwambie upumzike kabla hujaanza kuyumba. Akikurukisha moja kwa moja kwenye wimbo ili mzazi afurahi, huyo anauza. Mtoto mikono ikiwa haifiki kwenye vitufe vya chini, mwalimu mzuri atasema mwenyewe, tafuteni fluti ya kichwa kilichopinda au aanze na rekoda kwanza. Kwenye fidla angalia kama anapima saizi ya chombo na mkono wa mtoto, maana kuna robo, nusu na robo tatu.

Hela: mwezi wa kwanza lipa kwa kila somo, usilipe muhula mzima kwa mtu mliyejuana wiki iliyopita. Mtoto dakika 30 zinamtosha, mkubwa 45 mpaka saa nzima. Na mkubaliane kabla, asipotokea inakuwaje, usipotokea wewe inakuwaje, foleni ya Dar si mnaijua.

Mtoto afundishiwe sebuleni, mlango wazi, mtu mzima yupo. Mwalimu anayenuna kwa hilo aende.

Chombo usinunue kabla ya mwalimu, jamani! Nenda naye dukani akipulize yeye, hasa mitumba, maana pedi, vile vifuniko laini chini ya vitufe, zikichoka hewa inavuja, nota za chini hazitoki na mtoto anajiona hana kipaji kumbe fluti mbovu. Baada ya kila somo ifutwe ndani kwa kitambaa, unyevu wa pwani hauna huruma na pedi.