Ubani na manemane kwa soko la marashi: harufu hupotea kabla ya chupa

Mtengenezaji wa marashi asilia akifunguliwa gunia la ubani, kwanza huinama akanusa. Akikutana na moshi, ngozi ya mbuzi au mafuta ya taa, mazungumzo ya bei yameishia hapo. Anayenunua ubani wa kutia kwenye chetezo huweza kuvumilia uchafu kidogo. Wa marashi hawezi, maana chochote kilichonukia guniani kitanukia na kwenye chupa.

Ushauri huu ni kwa wakusanyaji wa kaskazini mwa Kenya, yaani Isiolo, Samburu, Marsabit, Wajir na Mandera, pamoja na wanaonunua kwao ili watengeneze marashi yao wenyewe. Utomvu wa kunukia unaotoka huko ni wa namna tatu hasa: ubani wa mti unaoitwa kitaalamu Boswellia neglecta, manemane, yaani Commiphora myrrha, ambayo Wasomali huiita malmal, na hagar, utomvu wa Commiphora holtziana. Hagar na manemane hufanana kwa macho, na ndiyo sababu dalali asiyejali huzimwaga gunia moja. Onja chembe ndogo kisha uiteme: manemane ni chungu hasa, na harufu yake inaelekea dawa, hagar inanukia laini zaidi, inaelekea utamu. Zote mbili zina wanunuzi wa marashi, lakini mchanganyiko wake hauna mwenyewe, kwa sababu mtengenezaji hawezi kurudia marashi yale yale kwa gunia linalobadilika kila safari.

Kuna na gundi ya mgunga, ambayo hukusanywa na watu hao hao katika nyika hiyo hiyo. Haina harufu ya maana, nayo huongeza uzito wa bure. Ukiwa na shaka, tia chembe kwenye glasi ya maji hadi kesho yake. Gundi ya mgunga huyeyuka yote. Ubani huacha maji meupe kama maziwa na vipande visivyoyeyuka vikabaki chini.

Kuhusu kuvuna, sishauri mtu akimbilie panga. Huko kaskazini sehemu kubwa ya utomvu hutoka wenyewe, pale wadudu walipotoboa au gome lilipopasuka, nao wachungaji na akina mama huuokota kiangazi. Dhofar, kule Oman, na Somalia watu hukwangua gome kidogo kwa kisu maalumu, huachia takriban wiki mbili, kisha hukwangua tena mahali pale pale. Utomvu wa kwanza ni hafifu, mzuri huja baadaye. Hiyo ni kazi ya mkono uliofunzwa, na inataka mti upumzishwe. Penye tamaa mambo huharibika: mwaka 2019 watafiti walionya kwamba mavuno ya ubani wa Boswellia papyrifera, unaotoka Ethiopia, Eritrea na Sudan, yanaweza kushuka kwa nusu ndani ya miaka 20, kwa kuwa miti mizee inakufa na miche haikui kwa sababu ya mifugo na moto.

Okota donge likiwa limeshakauka juu, kwa mkono au kwa kisu butu. Ukilazimisha, utang'oa na gome, na gome hilo utaliondoa tena baadaye chembe kwa chembe. Mvua zikikaribia, maliza mapema, maana utomvu uliolowa hunata na kushika mchanga.

Kukausha ndiko kunakowaponza wengi. Ukiuanika juani, siku mbili tu unang'aa vizuri, lakini umepoteza kile anachokitafuta mtu wa marashi: ule upepo wa mwanzo wa harufu, unaokaribia limau na msonobari. Sehemu hiyo ndiyo nyepesi, na ndiyo ya kwanza kuruka. Tandaza kivulini penye hewa, safu moja, juu ya mkeka ulioinuliwa, mpaka chembe zikisuguliwa zisishikane. Mfuko wa plastiki uliowekwa chini ya paa la mabati hugeuza kilo kadhaa kuwa bonge moja. Tumia gunia la mkonge au katoni. Usiuweke chumba kimoja na sabuni, ngozi au jiko la mafuta.

Kisha keti na ungo mchana kweupe uchambue: madonge makubwa safi kando, ya wastani kando, vipande vyenye gome kando. Vumbi usilitupe. Wakamuaji wa mafuta hulinunua, kwa vile wao wenyewe husaga. Andika kwenye kila gunia aina, mahali na mwezi.

Anayetaka kutengeneza mwenyewe aanze na kuloweka kwenye alkoholi. Weka ubani kwenye friza saa moja hivi, kisha utwange haraka. Ukiwa na joto hugeuka ulimbo kwenye kinu. Pima gramu 100 za ubani kwa gramu 400 za ethanoli ya asilimia 95, tia kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, weka gizani, tikisa kila siku kwa wiki mbili hadi nne. Chini patabaki tope jeupe. Hiyo ni gundi iliyomo kwenye utomvu wenyewe, si ya mgunga, nayo haiyeyuki kwenye alkoholi. Kwa manemane tope hilo ni kubwa, hufikia hata nusu ya uzito, kwa hiyo usidhani umepunjwa. Chuja kwa karatasi ya kahawa. Spiriti ya kuchomea yenye methanoli isiguse kazi hii, na jiko liwe mbali. Kwenye marashi, harufu ya alkoholi hiyo ya ubani iliyochujwa hukaa chini ya harufu nyingine na kuichelewesha asumini au waridi isiruke upesi.

Mtambo wa kukamua mafuta kwa mvuke ni jambo jingine. Ubani wa aina nyingi hutoa mafuta kama asilimia 5 hadi 9 ya uzito wake, yaani gunia la kilo 50 hutoa kilo mbili na nusu hadi nne na nusu. Yanahitaji maji mengi na kuni nyingi, mahali ambapo vyote viwili ni haba. Kikundi kinachoanza kitafaidi zaidi kwa kuuza utomvu uliochambuliwa vizuri kuliko kukata miti ya kuni ili kikamue ubani.

Mafuta yakishapatikana, adui yake ni hewa na mwanga: yakichacha huwasha ngozi. Yahifadhi kwenye kioo cheusi, mahali pa baridi, chupa ikiwa imejaa. Ikibaki nusu, yahamishie kwenye chupa ndogo zaidi na uandike tarehe uliyoyahamisha.