Nafasi ya uzamivu (PhD) wa sayansi ya data Ulaya: ya kukagua kabla hujatuma maombi

Nafasi za uzamivu zinazogharamiwa na Umoja wa Ulaya kupitia mitandao ya Marie Skłodowska-Curie (mpango wake wa kufadhili mafunzo ya watafiti) ni ajira kamili: unasaini mkataba na chuo au taasisi, unalipwa, unakatwa kodi. Hutangazwa kwenye EURAXESS, tovuti ya Ulaya ya ajira za watafiti. Kabla hujagusa barua ya maombi, soma masharti. Mawili hayafidiwi na alama nzuri. Usiwe tayari na shahada ya uzamivu. Na ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa, usiwe umeishi au kufanya shughuli yako kuu kwa zaidi ya miezi 12 katika nchi unayoiombea. Uraia hauhusiki. Mtanzania aliyesoma uzamili Ujerumani miaka miwili, na bado yuko huko, hana lake katika nafasi ya Munich, ila ya Delft (Uholanzi) au Barcelona (Uhispania) anaruhusiwa.

Kiwango cha mshahara kinachotangazwa ni kabla ya makato, na katika mitandao hii hata mchango wa mwajiri kwa hifadhi ya jamii hutoka humo humo. Uliza kinachobaki mkononi. Uliza pia mkataba ni wa miezi mingapi: Uholanzi uzamivu kwa kawaida ni miaka minne, hivyo mkataba wa miezi 36 unaacha mwaka mzima bila mlipaji.

Sasa kazi utakayowaonyesha. Mradi mmoja unaoendesheka una uzito kuliko orodha ya vyeti vya kozi fupi. Pakua msimbo wako kutoka GitHub (tovuti ya kuhifadhia msimbo) kwenye kompyuta nyingine, uendeshe kuanzia mstari wa kwanza bila kurukaruka. Mara nyingi utakwama palepale: njia ya faili inaelekeza kwenye folda iliyopo kwenye kompyuta yako tu, au matoleo ya maktaba za Python hayakuandikwa popote. Kisha kagua uvujaji wa data, yaani data ya kupimia modeli kupenya kwenye mafunzo yake. Ukikokotoa wastani kwa data yote ndipo uigawe sehemu ya kufundishia na ya kupimia, modeli imeshachungulia ya kupimia. Au chukua mradi wa kutambua ugonjwa wa muhogo kwa picha: picha tano za mmea mmoja zikigawanyika pande zote mbili, modeli inakariri mmea badala ya kujifunza ugonjwa. Usahihi wa asilimia 99 humtia shaka msaili kabla haujamvutia, kwa hiyo gawa kwa mmea, si kwa picha.

Wadhamini, yaani watakaokuandikia barua za mapendekezo, waarifu wiki nne kabla, nao waandike kwa anwani zao za barua pepe za chuo.

Mwisho, saa ya kufunga maombi. Tangazo likisema 23:59 saa za Brussels, majira ya baridi hapo Nairobi na Dar es Salaam ni saa saba na dakika 59 usiku. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ile ya mwisho ya Oktoba, ni saa sita na dakika 59. Tarehe kwetu imeshageuka, lakini mfumo wao bado uko wazi. Likisema 17:00, huo usiku wa ziada haupo.