Namna ya Kuandika Maoni ya Msomaji kuhusu Riwaya ya Vita vya Vifaru

Msomaji anayemaliza riwaya ya kusisimua kuhusu vita vya kisasa vya vifaru huwa na mengi moyoni, lakini akiombwa kuyaandika mara nyingi huishia kusema kwamba kitabu kimemkosha au kimemchosha. Maoni ya namna hiyo hayamfai mwenzake anayetaka kujua iwapo atoe pesa zake au la. Mwongozo huu unawalenga wasomaji wa Mombasa wanaopokezana riwaya hizi, nyingi zikiwa nakala zilizokwisha kutumika na kununuliwa kandokando ya barabara za mjini, kisha wakazijadili barazani baada ya magharibi. Msimamo wake ni kwamba riwaya ya vifaru ipimwe kwanza kwa yale ambayo watu waliomo ndani ya kifaru wanaweza kuyaona na yale wasiyoweza kuyaona.

Soma ukiwa na kalamu na kipande cha karatasi. Andika namba ya ukurasa kila unapohisi moyo kwenda mbio, na kila unapojikuta umeruka aya ili ufike mbele. Usiandike hukumu bado, namba zinatosha. Ukimaliza kitabu, rudi kwenye kurasa hizo na ujiulize mtunzi alifanya nini hapo. Kazi hii ndiyo inayotenganisha maoni na porojo, kwa sababu msomaji mwingine anaweza kufungua ukurasa uleule akakubaliana nawe au akakupinga.

Sasa tuingie ndani ya kifaru, kwa kuwa hapo ndipo penye utajiri. Kifaru cha Kimarekani aina ya M1 Abrams huwa na watu wanne: kamanda, mlenga shabaha, mpakiaji wa makombora na dereva. Kile cha Kirusi aina ya T-72 huwa na watatu tu, maana mtambo ndio unaopakia mzinga wa milimita 125. Vifuniko vikifungwa, kamanda hutazama nje kupitia vioo vyembamba, dereva wa Abrams huendesha akiwa ameegemea nyuma karibu kulala, na mlenga shabaha huona kwa ukubwa kipande kidogo tu cha uwanja kilicho mbele ya darubini yake. Kila mmoja ana sehemu yake ya ukweli, na hakuna aliye na wote. Wanachojua wenzake hukipata kwa sauti inayopita katika vipokea sauti, katikati ya mngurumo wa injini. Mtunzi hodari huijenga taharuki yake juu ya upofu huu. Mtunzi dhaifu huwapa wahusika wake macho ya tai: dereva anajua adui yuko wapi nyuma ya kilima, kamanda anajua idadi yao, na msomaji anapoteza sababu ya kuogopa.

Kwa hiyo, badala ya kuandika kwamba mapigano yameelezwa vizuri, andika kwa mfano huu, ambao nimeutunga kuonyesha namna tu: “Katika sura ya nne, mlenga shabaha anaona joto la injini nyuma ya tuta, lakini hawezi kutambua kama ni adui au ni wenzao waliopotea njia. Mtunzi anatuacha katika shaka hiyo kwa kurasa tatu, huku kamanda akiuliza swali lilelile redioni bila kujibiwa. Niliposoma hapo sikuweza kukiweka kitabu chini.” Msomaji wa maoni haya anajua alichokiona mwenzake, mahali alipokiona, na kilimgusa vipi. Tena, shaka ya aina hiyo si ya kubuni. Katika vita vya Ghuba vya mwaka 1991, kati ya Iraq na majeshi yaliyoongozwa na Marekani, takriban robo ya wanajeshi wa Marekani waliouawa mapiganoni waliuawa na silaha za upande wao wenyewe. Riwaya inayohusu vita hivyo ambayo wahusika wake hawasiti hata mara moja kabla ya kufyatua inastahili kuulizwa maswali.

Kuhusu mitambo, huhitaji kuwa mhandisi. Chagua mambo machache yanayobadilisha hadithi na uyachunguze. Abrams ina injini ya tabo, yaani inayozungushwa na gesi moto, yenye nguvu za farasi 1,500, na matangi yake huchukua takriban lita 1,900 za mafuta. Inayameza mafuta hayo hata ikiwa imesimama, hivyo kikosi kinachosonga mbele siku kadhaa bila kutajwa lori la mafuta kinatembea kwa miujiza. Katika T-72, makombora ya mtambo wa kupakia hukaa chini ya miguu ya askari, na kikipigwa vibaya mlipuko unaweza kuung’oa mnara wote wa mzinga. Katika Abrams, sehemu kubwa ya makombora hukaa nyuma ya mnara, yakiwa yametengwa na watu kwa milango ya chuma. Tofauti hiyo huamua nani atabaki hai katika sura inayofuata, ndiyo maana inafaa kutajwa. Lakini mtunzi akikosea unene wa chuma au jina la skrubu, tamka kosa kwa sentensi moja na uendelee. Nimesoma maoni mengi ambayo nusu yake ni kusahihisha namba, na sikuambulia kujua kama kitabu chenyewe kinasomeka.

Angalia pia mwaka. Riwaya nyingi za miaka ya 1980 zilibuni vita kati ya majeshi ya NATO (Marekani na washirika wake) na ya Mkataba wa Warsaw (Muungano wa Kisovieti na washirika wake) katika ardhi ya Ujerumani; si haki kuzilaumu kwa kukosa droni. Ila riwaya inayodai kuwa ya vita vya baada ya 2022, ambamo vifaru vinajipanga uwandani bila yeyote kuangalia angani, imepitwa na yale ambayo dunia nzima imeyaona Ukraine.

Kisha mtazame adui. Tarehe 26 Februari 1991, katika mapigano ya 73 Easting yaliyotokea jangwani Iraq huku mchanga ukivuma, kikosi kidogo cha Kapteni H. R. McMaster wa Marekani kilivunja ngome ya vifaru vya Iraq kwa muda wa dakika 23. Ni tukio la kweli, lakini mtunzi akiliiga kwa kuwafanya Wairaki wote kuwa waoga, hadithi inageuka mazoezi ya kulenga shabaha. Askari wa Tawakalna, kikosi cha Iraq kilichokuwa hapo, walisimama wakapigana. Walichokosa ni darubini za kuona joto zenye uwezo kama za wenzao. Uliza katika maoni yako iwapo adui ana jina, hofu na akili. Mimi hukipa kipengele hiki uzito kuliko mitambo yote.

Msomaji wa Mombasa ana nafasi yake ya pekee. Meli ya MV Faina, iliyotekwa na maharamia wa Kisomali Septemba 2008 ikiwa na vifaru 33 aina ya T-72, iliachiliwa Februari 2009 na kutia nanga katika bandari yetu ya Kilindini, na mjadala kuhusu vifaru hivyo vilikuwa vya nani hasa ulivuma muda mrefu. Anayeishi kando ya bandari anajua kwamba kifaru hakianguki vitani kutoka mbinguni. Kinahitaji meli, gati, reli au trela, na karatasi zenye sahihi za watu. Ikiwa riwaya imeligusa hilo, lieleze kwa kirefu. Ikiwa imeruka kutoka kambini hadi uwanja wa mapambano, sema umeona pengo.

Unapokusanya maoni ya wengine, muulize aliyewahi kuwa jeshini na asiyewahi, kisha uandike walipotofautiana. Mstaafu usimdadisi yaliyompata mwenyewe. Muulize kitabu kimesema kweli wapi, na umwache achague la kusema. Majina yao yasiandikwe bila idhini.

Usifichue nani anakufa wala nani anashinda baada ya nusu ya kwanza ya kitabu. Ukilazimika, tahadharisha mwanzoni mwa aya. Aya nne au tano zinatosha. Ukishaandika, zisome kwa sauti mbele ya mtu ambaye hajakisoma kitabu, na sentensi yoyote atakayokuomba umfafanulie, iandike upya.