Hujawahi kuiona The Godfather? Anza hivi

Kuna wale wenzangu wa kuitikia tu, watu wakianza story za The Godfather unatingisha kichwa "eeh ile muvi noma" kumbe hata dakika moja hujaona. Mimi nimedanganya hivyo miaka kibao mpaka juzi kati shemeji akaniuliza yule paka alikuwa rangi gani, nikajibu mweusi, wakacheka mpaka nikaona aibu.

Sasa ishu ni kwamba imetoka 1972 na inakaribia masaa matatu, halafu inaanza na harusi, na hiyo harusi haiishi leo wala kesho, karibu nusu saa nzima watu wanacheza na kula, ndo hapo wengi tunasinzia. Usiiruke. Nje muziki, ndani kwenye ofisi yenye giza mzee Vito Corleone, bosi wa mafia, kakaa na paka mapajani anasikiliza shida za watu mmoja mmoja, na kila anayeomba msaada anabaki na deni. Ukishashika hilo deni, muvi yote imefunguka.

Afu usiangalie kwenye simu mchana, picha imepigwa gizagiza makusudi, utaishia kuona uso wako mwenyewe kwenye kioo. Usiku, zima taa, weka maandishi ya chini maana mzee anaongea kama ana pamba mdomoni. Ukichoka simama pale Michael, mtoto wa mzee Vito, anapokimbilia Sicily kule Italia, kesho unaendelea, hakuna anayekudai.

Na paka ni wa kijivu bana.