Bomba la Vali ya Usalama: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuwasha Boila

Kabla hoteli za Malindi hazijajaa wageni wa Desemba na boila za dobi hazijaanza kufanya kazi kutwa, litazame bomba linalotoa nje mvuke wa vali ya usalama, ile inayofunguka yenyewe presha ikizidi. Vali yaweza kuwa mpya na nzuri, lakini ikifungiwa kipande chembamba cha bomba kilichobaki stoo, presha itarudi mdomoni mwake nayo ishindwe kupitisha kiasi iliyoundwa kupitisha. Hapo boila haina ulinzi.

Hesabu ya saizi ya bomba huanzia kwenye kibao cha vali, palipoandikwa presha ya kufunguka na kilo za mvuke kwa saa. Tumia kilo hizo, si mvuke ambao mashine za kufulia hutumia kwa kawaida, kwa maana vali ikifunguka hutoa uwezo wake wote. Tuseme ni kilo 1,000 kwa saa, kwa presha ya bar 7 (bar ni kipimo cha presha). Ndani ya boila, kilo moja ya mvuke hukaa katika mita za ujazo 0.24 hivi, ikifika hewani hutaka karibu 1.7, yaani mara saba. Ukiupitisha mvuke huo kwenye bomba la inchi 2, karibu na mdomo wa nje utakimbia zaidi ya mita 200 kwa sekunde. Kwa inchi 3 mwendo hushuka chini ya 100, na msuguano nao hupungua sana.

Kwa vali ya kawaida ya springi, presha inayorudi isizidi asilimia 10 ya presha ya kufunguka. Katika mfano wetu ni bar 0.7. Kipenyo cha bomba kisiwe kidogo kuliko cha mdomo wa vali hata kidogo. Kila elbo (kona ya bomba) na kila mita ya ziada hula sehemu ya hiyo bar 0.7, kwa hiyo bomba refu lipandishe saizi. Kila vali iwe na bomba lake, na pasiwekwe koki popote njiani.

Uzito wa bomba usiegemee vali. Njia ninayoipendelea ni elbo yenye bakuli, yaani kona inayofungwa kwenye vali ikiwa na bakuli la kupokea maji: bomba la kupanda juu husimama kwa vishikizo vyake lenyewe, bila kugusa vali, likiwa na nafasi ya kurefuka linapopata moto. Ila bomba hilo likiwa jembamba, mvuke utafurika kwenye bakuli na kumwagikia chumba cha boila, alipo mtu wa zamu. Unaunguza vibaya.

Maji ya mvua za masika yatateremka ndani ya bomba hadi kwenye bakuli, kwa hiyo tundu la kutolea maji libaki wazi daima. Lizibue kabla ya msimu; chumvi ya bahari hulisha chuma kutu, na kutu huziba. Angalia pia viota vya nyigu mdomoni.

Mdomo wa juu uwe mbali na makuti, madirisha na njia za watu, tena ufikirie upepo wa kusi utaupeleka wapi mvuke.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka boila ikaguliwe na mkaguzi aliyeidhinishwa. Mwonyeshe hesabu hizi kabla ya kuchomelea, kwa kuwa bomba likishatoboa paa, kulibadilisha ni gharama mara mbili.