Somo: kuilinda laini yako ya simu, hatua kwa hatua

Wapendwa wanachama, mwezi uliopita, saa tatu usiku, ujumbe uliingia kwenye kundi letu la WhatsApp ukitoka kwa mwenzetu anayeuza nguo hapa Nakuru mjini. Mtoto amelazwa, M-Pesa yake imekwama, tafadhali tumkopeshe shilingi 6,500 na tuzitume kwa nambari ya daktari. Wawili wakatuma. Mimi nilikuwa nimeshaandika kiasi, nimefika pale jina la mpokeaji linapotokea, nikaona jina la mwanamume nisiyemjua. Nikampigia mwenzetu simu ya kawaida. Alikuwa kwake Kiamunyi, anakula na watoto wake, wote wazima, akijiuliza kwa nini WhatsApp imemtoa tangu jioni.

Jioni hiyo alikuwa amepigiwa na mtu mpole wa sauti, akaambiwa anaingizwa kwenye kundi la mkutano wa akina mama wa kanisa, asome tu tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yake. Akazisoma. Tarakimu hizo ndizo WhatsApp humtumia anayefungua akaunti kwenye simu mpya, na simu mpya ilikuwa mkononi mwa mwizi.

Lililoniuma ni kwamba waliotuma pesa ndio wale wepesi wa kusaidia, na chama chetu kinasimama kwa sababu yao. Sitaki waache. Ndiyo maana nimeandika somo hili, na naomba ulifuate simu ikiwa mkononi.

Hatua ya 1: funga laini. M-Pesa, WhatsApp, benki, vyote vinaning'inia kwenye laini yako. Mwizi akifaulu kuihamishia kwenye kadi yake, yako inazimika na ujumbe wote unaenda kwake. Kwa laini ya Safaricom, piga \*100\*100# ufuate maagizo. Ukishamaliza, laini haiwezi kubadilishwa kwa wakala wa mtaani wala kwa simu. Ni lazima ufike mwenyewe katika duka la Safaricom na kitambulisho chako. Ni kazi ya dakika moja, na kama una muda wa hatua moja tu leo, fanya hii.

Hatua ya 2: kagua kitambulisho. Piga \*106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, iripoti ufutiwe. Laini ngeni yenye jina lako inaweza kutumiwa kulaghai watu, na polisi wakianza kuuliza, wataanzia kwako.

Hatua ya 3: weka mlango wa pili kwenye WhatsApp. Ingia kwenye mipangilio, kisha akaunti, kisha uthibitishaji wa hatua mbili. Chagua namba ya siri ya tarakimu sita, na uongeze barua pepe ya kukusaidia ukiisahau. Kuanzia hapo, hata ukikosea ukamsomea mtu tarakimu za ujumbe, atakwama kwenye namba hii. Usiweke mwaka wako wa kuzaliwa wala namba ile ile ya M-Pesa.

Hatua ya 4: kata simu. Safaricom hupigia wateja kwa 0722 000 000. Anayekupigia kwa nambari nyingine akidai anatoka huko, mkatie hata kama anakutaja kwa jina lako kamili. Jina lako si siri, maana wakala yeyote huliona. Ujumbe wa ulaghai usambaze kwa 333, ni bure.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Lanet: Nimepata ujumbe kwamba nimetumiwa 2,000, kisha mtu akapiga akilia nimrudishie. Nifanye nini?*

Kwanza tazama ulikotoka ujumbe. Wa kweli huja kwa jina MPESA. Wa uongo huja kwa nambari ya kawaida, hata maneno yakifanana neno kwa neno. Kisha angalia salio lako mwenyewe. Kama pesa zimeingia kweli, usizitume kwa mkono wako. Mwambie mtumaji asambaze ujumbe wake wa M-Pesa kwa 456, nawe usizitumie pesa hizo. Mwenye haki atarudishiwa kwa njia hiyo.

*Mwanachama wa Njoro: Kuna linki ya kuongeza kiwango cha Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa salio lisipotosha, hadi 30,000, wanataka ada ya 250 tu. Jirani anasema ni ya kweli.*

Dada, usilipe. Fuliza ilianza 2019, na kiwango chako hupimwa kwa jinsi unavyoitumia laini na kulipa deni. Hakuna kiwango kinachouzwa. Ukijaza fomu hiyo umewapa pia jina, nambari na kitambulisho, na hapo ndipo hasara kubwa ilipo.

*Mwanachama wa Bahati: Mimi nina kabambe tu, simu ndogo isiyo na intaneti. Somo hili linanihusu?*

Linakuhusu sana, mama. Hatua ya 1 na ya 2 hazihitaji intaneti, na ya 4 inahitaji kidole chako tu. Mtandao ukipotea ghafla ilhali simu za wenzako zinashika, usingoje asubuhi: azima simu ya Safaricom, piga 100, waambie wafunge laini na M-Pesa.

*Mwanachama wa Kiamunyi: Na yule ambaye tayari amesoma tarakimu zake?*

Fungua WhatsApp upya, weka nambari yako, uingize tarakimu mpya zitakazokuja. Mwizi atatolewa mara moja. Akiwa ameweka namba yake ya siri utasubiri siku saba ndipo uingie, lakini naye atakuwa nje. Mazungumzo ya zamani hakuyaona, maana yalibaki kwenye simu yako. Wakati huo pigia watu kwa sauti, ukianza na wazee, kisha uende kituo cha polisi upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inamtambua anayejifanya mtu mwingine kuwa mhalifu. Na wewe dada yangu, waliotuma zile 6,500 hawakudai. Njoo mkutanoni Jumamosi kama kawaida.